Familia zinazosomesha watoto nyumbani: mwaka mpya wa masomo mnaufungua vipi?

Mama Wawili, Minneapolis

Ndugu zangu, hamjambo. Kuna jambo moja ambalo limenisumbua tangu mwezi wa Juni, tulipofunga madaftari ya mwaka wetu wa pili wa kusomea nyumbani. Nina binti wa miaka kumi na mvulana wa miaka saba, na mwaka unaokuja utakuwa wa tatu. Sina shida ya vitabu wala ya ratiba. Shida yangu ni mwanzo.

Hapa Minnesota shule nyingi hufunguliwa baada ya Sikukuu ya Wafanyakazi, ambayo Marekani huadhimishwa Jumatatu ya kwanza ya Septemba, si Mei Mosi kama kwetu. Siku hiyo ndiyo pia ya mwisho ya maonyesho makubwa ya jimbo, yanayochukua siku kumi na mbili, kwa hiyo watoto wa majirani wanajua kwamba maonyesho yakifungwa, basi la njano halina muda kufika. Wanangu husimama dirishani wakilitazama basi hilo likipita, kisha hugeuka na kuketi kwenye meza ileile tuliyonywea uji. Mwaka jana nilifungua kitabu cha hesabu nikasema, "Haya, tuanze," na binti yangu, akiwa bado amevaa nguo za kulalia, akaniuliza kwa dhati kabisa: "Tuanze nini?"

Sikuwa na jibu. Kufikia katikati ya Oktoba masomo yalikuwa yamelegea, na nilipochunguza niliona kwamba hayakulegea, hayakuwahi kukazwa. Kwa hesabu za serikali mwaka wetu ulikuwa umeanza, kwa kuwa sheria ya hapa inamtaka mzazi ampelekee msimamizi wa elimu wa wilaya taarifa yake ifikapo tarehe 1 Oktoba, nami niliipeleka kwa wakati. Lakini barua hiyo niliiandika usiku, watoto wakiwa wamelala, na wao hawakujua lolote.

Nimeona familia nyingi hapa zikimpiga mtoto picha mlangoni akiwa ameshika kibao kilichoandikwa darasa lake. Sioni ubaya katika hilo, na kumbukumbu ni jambo jema. Kwetu, hata hivyo, binti alikishika kibao, akatabasamu, akakiweka chini, na siku ikabaki ileile. Mimi nilisoma Mombasa, na ninakumbuka kwamba Januari ilitufikia kabla mwalimu hajafungua kinywa: harufu ya sare mpya, karatasi ya kaki ya kuvalishia vitabu, mama akishona herufi za majina yetu ndani ya kola huku akitukemea tusimsukume mkono.

Nawauliza basi ninyi mnaosomesha nyumbani, au mliowahi kusomesha: mna desturi gani ya kuufungua mwaka? Natafuta jambo lisilohitaji fedha nyingi, ambalo watoto wenyewe wataliona ni lao, na ambalo tunaweza kulirudia kila mwaka mpaka waondoke nyumbani. Niongeze tu kwamba mume wangu anafanya kazi zamu ya usiku na hurudi asubuhi akiwa amechoka sana, na ningependa naye awepo.

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Mwanangu Mama Wawili, nimelisoma swali lako mara mbili, na lile la binti yako nimelirudia mara ya tatu, kwa sababu katika miaka zaidi ya thelathini niliyofundisha shule za msingi huku mkoani Tanga sikuwahi kuulizwa na mtoto yeyote, siku ya kufungua shule, kwamba tunaanza nini. Sababu haikuwa uhodari wa walimu. Mtoto wa wakati ule alikuja siku ya kwanza akiwa na jembe, fyekeo au fagio mkononi na kidumu cha maji kichwani, na hakuna aliyegusa chaki mpaka nyasi zilizoota wakati wa likizo zimefyekwa, sakafu za madarasa zimemwagiwa maji na kusuguliwa, na madawati yamehesabiwa na kurudishwa mahali pake. Hayo yalitokana na Elimu ya Kujitegemea, siasa iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, na ninajua wapo waliosoma enzi hizo wanaokumbuka malengelenge ya mikono kuliko somo lolote. Sitawabishia. Hata hivyo niliona kwa macho yangu kwamba mtoto aliyelisugua darasa asubuhi hakuwa mgeni ndani yake mchana.

Sasa namsomesha nyumbani mjukuu wangu wa miaka kumi na mmoja. Ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na alikuwa akikosa shule wiki nzima, anarudi, anakuta wenzake wamefika mbali, anaumwa tena. Mchakamchaka, zile mbio za asubuhi za shuleni, kwake hauwezekani, kwa kuwa kujichosha na kupungukiwa maji mwilini kunaweza kumletea maumivu makali. Badala yake tunatembea polepole hadi dukani na kurudi tukiimba zile nyimbo za mchakamchaka kwa sauti ya chini, na majirani wamekwisha kutuzoea.

Lakini jambo kubwa kwetu ni meza. Siku mbili kabla ya kuanza tunaitoa nje, yeye anaipiga msasa pale palipochafuka kwa wino na nta ya mshumaa, mimi naipaka vanishi, nayo inalala nje ikikauka. Ikishakauka, yeye ndiye anayeamua itasimama wapi kwa mwaka mzima, na mimi sina kura katika jambo hilo. Mwaka juzi aliiweka ukumbini, mwaka jana chini ya dirisha la jikoni kwa sababu alitaka kusikia bibi yake akipika, na mwaka huu ameiweka barazani. Nilidhani barazani atashughulishwa na wapita njia. Kumbe anasoma vizuri zaidi, maana anaona haya kuonekana amelala.

Kisha tunavalisha madaftari. Sisi hatununui karatasi ya kaki. Tunatumia kalenda ya ukutani ya mwaka uliokwisha, upande wa picha ukiwa ndani na upande mweupe nje, ili aandike jina na somo. Mjukuu wangu hupenda kuchagua: daftari la sayansi huvalishwa mwezi aliolazwa hospitali, na sababu yake anaijua mwenyewe.

Mwisho, uwe na kengele, mwanangu, hata kama ni kipande cha bomba. Shuleni kwetu ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mwembe na kugongwa kwa kipande cha nondo, na mpaka leo nikisikia chuma kikigongwa mgongo wangu unanyooka. Nyumba inayotumika kwa kula, kulala na kusoma inahitaji sauti ya kuitenga saa moja na nyingine.

Mzaliwa wa Lubumbashi, Fort Worth

Mama Wawili, na wewe Mwalimu, nawasalimu kwa heshima. Sisi tuna watoto wanne na huu utakuwa mwaka wa saba wa kuwasomesha nyumbani. Huku Texas hakuna hata hiyo barua uliyoitaja. Mahakama Kuu ya jimbo iliamua mwaka 1994 kwamba familia inayosomesha nyumbani huhesabiwa kama shule ya binafsi, mradi iwe na mtaala unaohusu kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema. Hatumjulishi mtu yeyote tunapoanza. Ni uhuru mkubwa, na miaka miwili ya kwanza uhuru huo ulitushinda. Mwezi wa Septemba ulikuwa unaingia na kutoka bila sisi kujua kama tuko likizo au tuko masomoni.

Kwetu Kongo, Septemba inajulikana kwa rangi. Mwanafunzi huvaa shati jeupe na suruali au sketi ya buluu, tajiri kwa maskini, Lubumbashi kwa Kinshasa, na asubuhi ya kwanza barabara nzima inakuwa buluu na nyeupe. Mke wangu ndiye aliyesema turudishe rangi hizo. Watoto wetu huvaa buluu na nyeupe siku mbili tu kwa mwaka, ya kwanza na ya mwisho. Siku nyingine wanavaa wanavyotaka. Hatununui mpya kila mara. Sketi ya binti mkubwa imeshamfikia wa tatu, na tunaposhusha pindo, ule mstari wa pindo la zamani unabaki kama alama, kwa hiyo mtoto anaweza kuuona urefu wa dada yake alipokuwa na umri wake. Wanaulizana sana juu ya mistari hiyo. Sikupanga iwe hivyo, lakini sasa hakuna anayeruhusu tuipige pasi mpaka ifutike.

Saa mbili asubuhi ya siku hiyo, ambayo Lubumbashi ni saa tisa alasiri, tunampigia mama yangu simu ya video. Anakagua mashati mmoja mmoja, na hana huruma na kola isiyonyooka. Halafu anamuuliza kila mtoto swali lilelile kila mwaka: "Mwaka huu utanifundisha nini mimi?" Mtoto lazima aseme jambo moja, na siku ya mwisho ya mwaka, akiwa amevaa tena buluu na nyeupe, anamfundisha bibi yake jambo hilo kweli. Mama yangu hakupata kumaliza shule ya msingi. Mwaka uliopita mwanangu wa pili alimfundisha jinsi mwezi unavyopatwa, kwa chungwa, limau na tochi, na yeye akaenda kuwaeleza wanawake wa kanisani. Kama mama yako yuko hai, Mama Wawili, mpe kazi hiyo. Watoto wangu wanaweza kumkwepa baba yao katika somo, lakini ahadi waliyompa bibi hawaikwepi.

Mama Kilimani, Nairobi

Nimefurahi kusoma, na naomba kutofautiana na Mwalimu kwa adabu zote, hasa kuhusu kengele, na kidogo na ndugu wa Fort Worth kuhusu sare.

Mwanangu alitolewa shuleni kwa sababu alichapwa. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya tangu mwaka 2001, lakini marufuku hiyo haikumfikia mwalimu wa darasa lake, na mimi sikujua mpaka shule zote nchini zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona. Mtoto ambaye kila asubuhi alikuwa akilalamika tumbo, tumbo lilipona ndani ya wiki mbili. Shule zilipofunguliwa tarehe 4 Januari 2021 alitapika akiwa amevaa sweta la shule, nasi tukaamua abaki nyumbani. Kwa miaka mitatu baada ya hapo, chochote kilichofanana na shule kilimrudisha pale: sauti ya kengele, mstari, hata mimi kusimama huku yeye ameketi. Kwa mtoto wa namna hii, kuufungua mwaka kwa kuigiza shule ni kumfungulia mlango aliokwisha kuukimbia. Mama Wawili, hukutuambia kwa nini wako wanasomea nyumbani, na huna wajibu wa kutuambia, lakini jiulize hilo kwanza, kwa sababu desturi inayomchangamsha mtoto mmoja inaweza kumtia hofu mwingine, na wewe una wawili.

Kulikuwa na tatizo la pili. Wanaoishi hapa watakumbuka jinsi kalenda ya shule ilivyovurugika. Mwaka wa masomo wa 2021 ulianza Julai, wa 2022 ukaanza Aprili, na Januari ikarudi kuwa Januari mwaka 2023. Hata kama tungetaka kuanza pamoja na nchi, nchi yenyewe haikuwa na mwanzo. Ikabidi tutafute kitu ambacho hakisogei.

Tukachagua mti. Karibu nasi kuna bustani ya miti inayoitwa Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni inayokua haraka, kwa sababu garimoshi za wakati huo zilikuwa zinakula kuni nyingi mno. Januari 2021, siku ambayo tungekuwa tukipigania nafasi kwenye matatu, tulitembea hadi huko tukiwa na daftari lisilo na mistari, penseli mbili na chapati. Nilimwambia achague mti mmoja, wowote, auchore. Alichagua mmoja mkubwa ulio mbali kidogo na njia, na kazi yake yote siku hiyo ilikuwa kuuchora. Hakuna somo jingine. Tumbili alichukua chapati moja, nasi tukarudi nyumbani.

Tangu wakati huo tumerudi kwenye mti uleule kila Januari. Mchoro wa kwanza ni kijiti chenye wingu juu. Wa pili una mizizi, kwa sababu alikuwa amejifunza kuhusu mizizi na alichora hata ile iliyo ardhini, ambayo hakuiona. Wa tatu una jina la mti kwa Kilatini, alilolinakili kutoka kwenye kibao kilichopo, na vipimo vya shina alivyovipata kwa kuuzungushia leso yangu mara tatu na kuihesabu kwa rula nyumbani. Katika wa nne alijichora mwenyewe akiwa ameketi chini yake, na hakuna kitu katika miaka hii yote kilichoniambia kwamba mwanangu amepona kuliko picha hiyo, kwa kuwa katika mitatu ya kwanza hapakuwa na mtu yeyote.

Michoro imo katika jalada moja, na jioni ya siku hiyo tunaipanga sakafuni kwa mfuatano. Simwambii neno. Anajitazama mwenyewe. Nadhani mtoto anayesomea nyumbani anakosa kitu kimoja ambacho shule humpa bila kukusudia, nacho ni kuhama darasa: chumba kipya, dawati refu zaidi, kuwaona wadogo wakiingia pale alipokuwa yeye. Sisi tunapaswa kumpa njia nyingine ya kuona kwamba amesogea.

Mwalimu Mstaafu, Tanga

Mama Kilimani, nimekuelewa, na nakushukuru kwa kusema waziwazi. Mimi nilikuwa mwalimu wa zama ambazo fimbo ilikuwa mezani, na wapo watoto ambao leo, kama ningewakuta, ningewaomba radhi. Neno langu kuhusu kengele nalirudisha kwa familia yoyote ambayo mtoto wake anayo sababu ya kuichukia. La meza nalibakiza.

Mama Wawili, Minneapolis

Shikamoo Mwalimu, na asanteni nyote. Mama Kilimani, umeuliza kwa upole, nami nitajibu: mvulana hakuwahi kwenda shule, lakini binti alikwenda miaka miwili, na alikuwa akichekwa kwa jinsi anavyotamka maneno mpaka akaacha kusema kabisa darasani. Kengele basi haitakuwepo. Mti tutauchagua kando ya ziwa lililo karibu nasi, na Septemba ni wakati mzuri kwa sababu majani ndiyo yanaanza kubadilika rangi. Bado sijui namna ya kumweka baba yao ndani ya jambo hili, kwa maana asubuhi yetu ndiyo usiku wake.

Bi Makunduchi, Maskati

Mwanangu, mbona jibu unalo katika lugha yako mwenyewe? Kwetu pwani siku haianzi asubuhi. Usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, na jua likizama leo, kesho imeshaingia. Ufungue mwaka wako magharibi, siku ya Jumatatu, usiku wa Jumanne. Mumeo atakuwa ameamka, amekula, na bado hajaondoka. Watoto wataulalia mwaka mpya na kuamka wakiwa ndani yake, na ile "Haya, tuanze" hutakuwa na haja ya kuisema tena.

Hivyo ndivyo nilivyofanya na wanangu watatu, ambao niliwasomesha hapa nyumbani Kiswahili na masomo ya dini kwa miaka mingi, na yule wa mwisho nilimsomesha masomo yote kwa miaka minne. Mimi ni mzaliwa wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, na wengi wenu mnajua kwamba kwetu kila mwezi wa Julai kuna Mwaka Kogwa, ambao watu huunasibisha na Nairuzi ya Waajemi. Wageni hukumbuka zaidi kile kibanda cha makuti kinachochomwa moto, na wanaume wanaopigana kwa migomba. Ukiwauliza wazee watakwambia kwamba migomba ile ni ya kumaliza vinyongo: aliye na lake na mwenziwe huumaliza uwanjani, na mwaka mpya hauingiwi na ugomvi wa mwaka uliopita. Baadaye kuna nyimbo, nguo nzuri na chakula, na mtu wa Makunduchi huona unyonge kukosa mgeni nyumbani kwake siku hiyo.

Sikuwapa wanangu migomba. Lakini nilitambua mapema kwamba mama akiwa pia ndiye mwalimu, kinyongo cha somo hakina pa kwenda. Mtoto wa shule akigombana na mwalimu hurudi nyumbani kwa mamake kulia. Mtoto wangu mimi alikuwa akimlilia nani? Kwa hiyo usiku wa kufungua mwaka nilikuwa nikitia ubani kwenye chetezo, kama tulivyofanyiwa sisi tulipopelekwa chuoni kusoma Kurani mara ya kwanza, tunasoma Fatiha, kisha tunakaa mkekani na kila mmoja anataja kinyongo kimoja cha masomo ya mwaka uliokwisha. Masharti ni mawili. Mzazi anaanza, na anataja kosa lake yeye mwenyewe, si la mtoto. Na mtu anapotajiwa kosa hajitetei. Anasema "nisamehe", basi. Sharti hili la pili ni gumu sana kwa watu wazima. Mwaka mmoja mwanangu wa kati aliniambia kwamba ninamsahihisha Kiswahili chake mbele ya wageni, na nilikuwa na maelezo mengi mazuri, nikayameza yote.

Baada ya hapo kaimati, chai ya maziwa, na mgeni mmoja. Mgeni ni muhimu, kwa sababu mtoto anayesomea nyumbani ana mashahidi wachache. Kila mwaka tulimwalika mtu mmoja asiye wa ukoo, naye alifunguliwa madaftari mapya na kuandika mstari mmoja katika ukurasa wa kwanza. Alikuja fundi cherehani, akaja daktari wa meno, na mwaka mmoja alikuja baharia mzee wa Sur, mji wa bandari hapa Oman, aliyewahi kufika Zanzibar kwa jahazi, akaandika majina ya nyota kwa Kiarabu. Daftari hilo mwanangu hakulitumia kwa jambo jingine lolote.

Kama ninyi si Waislamu, dua iwe ile ya kwenu.

Mama Wawili, Minneapolis

Ni wiki ya pili ya Septemba, na niliahidi moyoni kwamba nitarudi kuwaeleza.

Jumamosi tuliitoa meza nje na watoto wakaipiga msasa. Walibishana kwa saa nzima kuhusu mahali pa kuiweka, na hatimaye wakaiweka kwenye chumba cha mbele, mbali kabisa na jikoni, ikitazama ukuta badala ya dirisha. Nilitaka kuuliza kwa nini, nikamkumbuka Mwalimu. Binti alieleza mwenyewe baadaye: hataki kuliona basi. Madaftari tumeyavalisha kalenda ya mwaka jana tuliyopewa dukani, na mvulana wangu amekataa upande wa picha uwe ndani, kwa hiyo daftari lake la hesabu lina mlima Kilimanjaro nje.

Jumatatu jua lilizama hapa karibu saa mbili kasorobo za usiku, na mume wangu huondoka saa tatu, kwa hiyo tulikuwa na zaidi ya saa moja. Mgeni wetu alikuwa bibi jirani wa miaka themanini, ambaye tulimwalika aje baada ya mazungumzo ya mkekani. Nilianza mimi. Nilisema kwamba mwaka jana niliwaanzisha bila kuwaambia tunaanza nini, na nikaomba msamaha. Baba yao alisema kwamba amewahi kusinzia binti akimsomea hadithi, akajifanya alikuwa akisikiliza. Binti alicheka, akasema alijua.

Kisha ikawa zamu ya mvulana. Alikaa kimya kwa muda mrefu, mpaka nikataka kumwambia si lazima. Halafu akasema, bila kunitazama: "Wakati wa theluji uliichana picha yangu ya twiga."

Sikukumbuka. Ilinichukua muda, na ndipo ikanijia: alikuwa amechora ndani ya daftari la hesabu badala ya kufanya hesabu, nami nikauchana ukurasa, nikaukunja na kuutupa, tukaendelea na kuzidisha. Kwangu lilikuwa jambo la sekunde tano mwezi wa Februari. Yeye alikuwa amelibeba miezi saba, kwenye meza ileile, akiniitikia kila asubuhi. Maelezo yalinijaa mdomoni, ya kwamba daftari ni la hesabu, ya kwamba nilikuwa nimechoka. Nikasema "nisamehe", na sikuongeza neno, na nakiri Bi Makunduchi ana haki: ni sharti gumu. Baba yake alimvuta akamkalisha mapajani, na tukakaa hivyo mpaka jirani akagonga mlango akiwa na pai ya tufaha. Aliandika katika kila daftari jina la kijiji alichozaliwa na idadi ya wanafunzi waliokuwa katika shule yao yote, kumi na wanne.

Siku iliyofuata, saa tatu asubuhi, tulimpigia mama yangu Mombasa, ambako ilikuwa saa kumi na moja jioni. Aliwauliza watamfundisha nini. Binti amemwahidi kumsomea kitabu kizima kwa sauti, kwa Kiingereza, na kumfasiria. Mvulana alisema atafikiria.

Baadaye tulikwenda ziwani kuuchora mti. Binti aliuchora. Mvulana aliutazama, akatazama daftari lake jipya lisilo na mistari, akaniuliza kama lazima achore mti. Nilimwambia hapana. Katika ukurasa wa kwanza kuna twiga, na shingo yake imefika juu ya ukurasa ikakosa nafasi ya kichwa, kwa hiyo kichwa kiko ukurasa wa pili.